Si Kila Weupe ni Mdudu: Kumtafuta Anayekula Matumbawe katika Tangi la Nyumbani Mbeya

Mtu anayefuga matumbawe Mbeya ana tabu mbili ambazo mwenzake wa Dar es Salaam hazijui. Ya kwanza ni baridi, kwa kuwa mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai sebule isiyo na moto hupoa hadi mtu akalala na soksi. Ya pili ni umbali, kwa kuwa bahari iko zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na kila kipande cha tumbawe kinachofika huku kimekwisha kuteseka njiani. Kwa sababu hizo mbili, tumbawe linaloanza kupoteza rangi au nyama linaweza kuwa linaliwa na mdudu, na vilevile linaweza kuwa limepigwa na baridi, na kwa mtu anayechungulia tangi haraka asubuhi kabla ya kwenda kazini, dalili za mambo hayo mawili hufanana sana.

Nimelipa ada ya somo hilo. Julai moja niliamka nikakuta vipande vitatu vya akropora, tumbawe gumu la matawi, vimepauka kwenye ncha, ndani ya tangi langu la lita 200. Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu minyoo bapa, basi nikaamini kwamba nimevamiwa, nikavichovya vipande hivyo katika dawa siku mbili mfululizo. Siku ya tatu, nikiwa nimetumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko ili nirekebishe jiwe, ndipo nikahisi kwamba maji ni ya baridi. Hita ilikuwa imekufa, na kipimajoto nilichokuwa nikikitegemea kilikuwa kimeteleza nyuma ya jiwe mahali ambapo hakuna aliyekisoma kwa wiki nzima. Maji yalikuwa na nyuzi 20. Baridi ilikuwa imeyajeruhi matumbawe yale, lakini yaliyoyaua ni dawa yangu.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na dawa, na msomaji mwenye haraka ya kufika kwenye dawa naomba avumilie.

Kabla ya kumshuku mdudu

Jambo la kwanza la kuuliza ni hili: kilichoharibika ni kimoja au ni vyote? Wadudu wengi wanaokula matumbawe ni wachaguzi kupita mtoto mdekezwa. Anayekula akropora hagusi montipora, tumbawe gumu jingine, na anayekula montipora hana habari na zoantidi, wale vinyama laini wanaoota kwa vichaka kama maua. Ukikuta akropora peke yake inadhoofika huku majirani zake wamefunguka vizuri, una sababu ya kumtafuta mdudu. Ukikuta aina nne tofauti zimejikunja asubuhi moja, achana na lenzi ukachukue vipimo vya maji, kwa sababu hakuna mdudu anayekula kila kitu kwa usiku mmoja.

Joto linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 24 na 26, na lisipande wala kushuka kwa zaidi ya nyuzi moja au mbili kwa siku. Chumvi iwe karibu gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isibadilike, ikae kwenye 8 au 9 katika kipimo chake kiitwacho dKH, kalisi iwe kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, na kikubwa zaidi kuliko namba zenyewe ni kwamba zisirukeruke. Huku kwetu ni busara kuweka hita mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili moja ikifa nyingine ilizuie tangi lisipoe kabisa kabla hujagundua.

Hewa nayo ina hesabu yake katika mwinuko huu. Mgandamizo wa hewa Mbeya ni mdogo kuliko wa pwani, na oksijeni inayoweza kuyeyuka katika maji hupungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na tangi lenye joto lile lile pale Tanga. Umeme ukiwepo, pampu inayotikisa uso wa maji huficha upungufu huo. Umeme ukikatika usiku, tangi lenye samaki wengi huishiwa pumzi mapema kuliko vitabu vilivyoandikwa kwa watu wa usawa wa bahari vinavyosema, na asubuhi utakuta matumbawe yametoa ute na kujikunja kana kwamba yameng'atwa. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, pamoja na blanketi la kufunika tangi, ndivyo vifaa ambavyo mimi huviweka mbele ya dawa zote.

Kuna visababishi vingine vitatu vya nyumbani ambavyo nimeviona vikisingiziwa wadudu. Cha kwanza ni jiko la mkaa linaloingizwa ndani wakati wa baridi madirisha yakiwa yamefungwa: hewa chafu ya chumba huingia katika maji, na pH iliyokuwa 8.2 jioni inaweza kusomeka chini ya 8 alfajiri. Jiko hilo ni hatari kwa watu wenyewe kabla ya kuwa hatari kwa tumbawe, kwa hiyo litolewe nje hata kama huna tangi. Cha pili ni dawa ya mbu. Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya pareto, na sumu ya pareto pamoja na zile za viwandani zinazoiiga huua samaki, kamba na kaa kwa kiasi kidogo sana, ingawa mtu huipulizia chumbani bila wasiwasi. Cha tatu ni mrututu. Mtu aliyetoka kunyunyizia kahawa yake Mbozi au Rungwe dawa yenye shaba, akaja akatumbukiza mkono ambao haukuoshwa vizuri, ameingiza kitu ambacho konokono, kamba na matumbawe hawakistahimili.

Hayo yakiwa yamekaguliwa na hayana kasoro, ndipo tumtafute mdudu.

Namna ya kutazama

Wengi wa wahalifu hawa hufanya kazi usiku. Subiri taa za tangi zizimwe kwa saa moja au mbili, kisha njoo na tochi uliyoifunika kwa karatasi ya plastiki nyekundu, kwa kuwa wanyama wengi wa baharini hawaoni vizuri mwanga mwekundu na hawatakimbia. Zima pampu maji yatulie. Tazama shina la tumbawe pale linaposhikana na kitako chake, tazama upande wa chini usiopata mwanga, na tazama mpaka kati ya nyama hai na kiunzi cheupe, maana mla nyama hukaa mpakani kama mbuzi kwenye ukingo wa shamba.

Utofautishe pia kupauka na kuliwa. Tumbawe lililopauka limewafukuza mwani wadogo mno wanaoishi ndani ya nyama yake na kulipa rangi, lakini nyama yenyewe bado ipo, na ukitazama kwa lenzi utaona vinywa vidogo vikiwa angavu kama kioo. Hilo bado linaweza kupona. Tumbawe lililoliwa halina nyama kabisa. Unaona kiunzi kikavu chenye vitundu, ambacho baada ya siku chache huota mwani wa kijani. Mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda, miamba mingi ya Tanzania ilipauka bila kuumwa na mdudu yeyote, na ndani ya tangi mambo huenda vivyo hivyo: weupe wenyewe hautaji jina la mhalifu.

Dalili: vimea vya kahawia vinaota mwambani, na tumbawe lililo karibu navyo halifunguki

Huyu ni aiptasia, anemoni mdogo wa kahawia au wa rangi ya chai ya maziwa, mwenye shina refu na minyiri myembamba iliyochongoka. Ukimsogezea kidole hujivuta ndani ya tundu la jiwe kwa kasi ya kushangaza. Minyiri yake huchoma, na tumbawe lililo jirani hujikunja upande ule tu unaomwelekea, huku upande wa pili ukiwa umefunguka. Hiyo ndiyo alama yake: madhara yenye mwelekeo.

Nalikawilia tatizo hili kwa sababu ndilo la kawaida kuliko yote, na ndilo ambalo watu huliongeza kwa mikono yao wenyewe. Kosa ni kumkwangua. Aiptasia ana uwezo wa kuota upya kutokana na kipande kidogo cha kitako chake kilichobaki jiweni, na hata asipoguswa huacha vipande kama hivyo anapotambaa. Mtu aliyemkwangua mmoja kwa kisu jioni huwakuta wanane baada ya mwezi, kisha huja kuuliza wametoka wapi.

Njia ninayoiamini ni chokaa iliyozimwa, ile safi kabisa yenye viwango vya chakula, iliyokorogwa kwa maji kidogo hadi iwe nzito kama uji wa mtoto. Chokaa inayochomwa Songwe inafaa kwa kupaka nyumba, lakini ina mchanganyiko wa madini mengine ambayo hutaki yaingie tangini. Vuta uji huo kwa bomba la sindano, zima pampu zote, kisha mkaribie anemoni polepole, bila papara, hadi ncha iwe juu ya kinywa chake. Usimchome. Mdondoshee juu ya kinywa kama unayemlisha. Mara nyingi ataukumbatia uji huo akidhani ni chakula, na hapo ndipo mwisho wake. Akijivuta ndani, ziba tundu lake lote. Subiri dakika kumi na tano kabla ya kuwasha pampu. Katika tangi la lita 200 sizidishi watano au sita kwa siku, kwa sababu chokaa hupandisha pH, na kuiokoa akropora kutoka kwa anemoni ili uiue kwa chokaa si faida. Uvae miwani na glavu, maana uji huo huunguza macho.

Juisi ya ndimu na maji ya moto hufanya kazi pia, ila kwa matokeo ya kubahatisha zaidi. Anayetumia maji ya moto huku juu akumbuke kwamba Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na yakipita katika bomba la sindano lililo baridi hupoa zaidi, hivyo sindano ipashwe kwanza. Na maji ya moto yasikaribie kamwe jiwe lenye zoantidi, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Wapo pia wanaomla. Kamba wa jenasi Lysmata, hasa Lysmata wurdemanni wa Atlantiki ya magharibi, huwala aiptasia wadogo, ingawa kamba aliyezoea kushiba chakula cha samaki huacha kazi. Hapa mnunuzi awe macho, kwa kuwa katika Bahari ya Hindi kuna kamba mwekundu mwenye nundu mgongoni na mistari myeupe, Rhynchocinetes durbanensis, anayefanana naye machoni pa mtu asiyezoea, na huyu hula vinywa vya matumbawe laini. Nundu ndiyo ya kutazama. Kuna vilevile konokono asiye na gamba aitwaye Berghia, ambaye hula aiptasia tu na si kitu kingine chochote. Anamaliza kazi kwa uhakika, kisha anakufa njaa, kwa hiyo mwenye kuwapata awape jirani mwenye tatizo lile lile kabla hawajaisha.

Dalili: akropora inafifia, na matawi yake yana madoa ya duara

Chukua pipeti kubwa, zima pampu, na upulizie maji kwa nguvu kwenye matawi na shina. Ikiwa vitu vilaini, bapa, vyenye umbo la punje ya mpunga iliyokanyagwa vinang'oka na kupeperuka, umempata mnyoo bapa wa akropora, Amakusaplana acroporae, ambaye wanasayansi walimpa jina hilo mwaka 2011 ingawa wafugaji walikuwa wakimlaani kwa miaka mingi kabla ya hapo. Huwezi kumwona akiwa ametulia kwa sababu mwili wake ni angavu na tumbo lake limejaa nyama ya tumbawe lenyewe, hivyo hubeba rangi ya anachokula. Alama zake ni madoa meupe ya duara, kila moja likiwa mahali kinywa chake kilipofyonza, na mayai ya kahawia ya dhahabu yaliyopangwa pamoja kama vigae kwenye kiunzi kikavu, karibu kabisa na mpaka wa nyama hai.

Mayai hayo ndiyo kiini cha vita. Dawa za kuchovya huwang'oa minyoo wakubwa, lakini yai lina ganda ambalo dawa hailipenyi, na huanguliwa baada ya wiki mbili, tatu au zaidi kufuatana na joto la maji. Kadiri maji yanavyopoa ndivyo yanavyochelewa, na mfugaji wa nyanda za baridi anayeacha kuchovya baada ya wiki tatu kwa kuwa ameona pako shwari anajidanganya. Toa kila akropora tangini, kata na utupe sehemu iliyokufa yenye mayai, kwangua kwa mswaki mgumu mayai yaliyobaki, kisha chovya kila siku ya saba kwa wiki sita hadi nane. Samaki mdogo wa mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, ambaye yupo katika miamba ya Bahari ya Hindi, huokota wachache; ni msaidizi, si tiba.

Watu huniuliza kuhusu levamisoli, kwa sababu dawa hiyo ya minyoo ya ng'ombe inapatikana katika kila duka la mifugo kuanzia Mwanjelwa hadi Mafinga. Ni kweli kwamba levamisoli huwalegeza minyoo bapa. Lakini chupa nyingi za mifugo zimechanganywa na dawa ya pili ya minyoo ya ini, pamoja na rangi na vitu vya kuifanya iwe nzito, na vyote hivyo havikutengenezwa kwa ajili ya kiumbe anayepumua kwa ngozi. Mimi siitumii.

Ikiwa akropora imefifia na vinywa vyake havitoki lakini hakuna doa la kuumwa hata moja, weka lenzi juu ya tawi na utafute nukta za njano zenye doa jekundu, kila moja ikiwa na ukubwa wa nusu milimita hivi, zikitambaa juu ya nyama. Hao ni wadudu wekundu, Tegastes acroporanus. Hawaui haraka; hulichosha tumbawe. Tiba iliyothibitika ni milbemisini, dawa ya mbwa ya minyoo ya moyo, inayorudiwa mara tatu kila baada ya siku saba, lakini huua pia kamba na kaa wote waliomo, kwa hiyo ifanyike katika chombo cha pembeni, na kwa ushauri wa daktari wa mifugo kuhusu kipimo.

Dalili: montipora inaliwa kutoka ukingoni au upande wa chini

Geuza kipande. Konokono weupe wasio na gamba, wadogo kuliko punje ya mchele, wenye vidole vidogo mgongoni, hukaa chini ambako mwanga haufiki, na mayai yao ni vishada vyeupe vinavyofanana mno na kiunzi. Mambo ni yale yale ya mnyoo bapa isipokuwa mzunguko wao ni mfupi: chovya kila baada ya siku tano hadi saba kwa wiki tano, na kila mara kwangua mayai kwanza. Montipora iliyoota juu ya jiwe kubwa ambalo haliwezi kutolewa ni mtihani, na mara nyingi uamuzi wa busara ni kukata kipande kizuri kimoja, kukitibu, na kuacha kilichobaki kiende.

Dalili: zoantidi zimefungwa kwa siku nyingi

Zoantidi hufunga kwa sababu nyingi, lakini zikifungwa upande mmoja wa kichaka tafuta konokono mwenye gamba la duara lililobapa, lenye miraba ya weusi na weupe kama drafti. Ni Heliacus, na huokotwa kwa vidole jioni moja au mbili, ukamaliza. Tafuta pia konokono asiye na gamba ambaye amevaa rangi za zoantidi alizokula, hata minyiri yake ikafanana nazo. Huyo hufichuliwa na tochi ya usiku na mayai yake yaliyojizungusha kama gamba la konokono.

Sasa lile onyo. Baadhi ya zoantidi, hasa wa jenasi Palythoa, wana sumu iitwayo palitoksini, mojawapo ya sumu kali kabisa za asili zinazojulikana. Kuchemsha jiwe lenye viumbe hao, kulimwagia maji ya moto, au kulisugua kavu kwa brashi kunaweza kuirusha hewani, na familia nzima zimewahi kulazwa hospitali kwa kuvuta mvuke wake. Katika nyumba za Mbeya, ambako madirisha hufungwa saa kumi na mbili jioni, hatari huongezeka. Kazi ya zoantidi ifanyike ndani ya maji, kwa glavu na miwani, na mwenye kidonda mkononi asiiguse.

Dalili: vumbi la kutu juu ya matumbawe na kioo

Likisogea, si vumbi. Ni minyoo bapa wekundu, Convolutriloba retrogemma, wenye umbo la ngao na ncha tatu nyuma. Hawali nyama ya tumbawe. Huliziba lisipate mwanga. Wakiwa kumi hawana neno. Wakiwa maelfu, hatari kubwa ni kuwaua, kwa sababu miili yao ikifa kwa pamoja huachia sumu inayoweza kumaliza samaki wote kwa saa chache. Wanyonye kwanza kwa mpira mwembamba wakati wa kubadilisha maji, siku baada ya siku, hadi wabaki wachache, na ndipo dawa ifikiriwe, huku mkaa maalumu wa kuchujia na ndoo za maji mapya yenye chumvi na joto sahihi vikiwa tayari kando.

Dalili: nyuzi za ute zinaelea na kulinasa tumbawe

Ni konokono wa mirija. Hujenga mrija mgumu kama mfupa wa samaki na kutega wavu wa ute. Vunja mrija kwa koleo, weka tone la supagluu juu ya tundu, na upunguze chakula cha unga.

Wanaosingiziwa

Mnyoo wa manyoya mwenye rangi ya waridi, ambaye huonekana usiku akiwa juu ya tumbawe lililokufa, hakuliua. Amekuja mazishini kula pilau. Yeye ni msafishaji, na anayemwondoa huacha mizoga ioze. Usimshike tu kwa mkono mtupu, maana manyoya yake huwasha kama upupu. Vijidudu vinavyorukaruka mchangani navyo ni chakula cha samaki.

Na ukikuta ute wa kahawia unaonuka juu ya Euphyllia, tumbawe gumu lenye minyiri mirefu ya nyama, huku nyama ikiyeyuka kwa saa na si kwa siku, usitafute mdudu. Ni maradhi. Zima pampu, nyonya ute wote bila kuusambaza, toa tumbawe, kata sehemu nzima mbali na ile inayooza, na uichovye katika ayodini.

Kuzuia pale mgeni anapofika

Karibu wote niliowataja huingia wakiwa wameshikilia kipande kipya. Ni lazima niseme pia kwamba matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na kwamba kung'oa tumbawe hai ndani ya eneo kama Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ni kosa. Nunua vipande vilivyokuzwa tangini na vyenye karatasi zake. Anayeona karatasi ni usumbufu, Ziwa Nyasa liko pale Matema likiwa na samaki wa rangi zote wanaoishi kwenye mawe, na hakuna atakayemcheka.

Kipande kinachopanda basi jioni kutoka pwani hupita Makambako kabla jua halijachomoza, mahali ambapo hata abiria hujifunika. Kifungwe katika boksi la foamu pamoja na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa gazeti, na kikifika kipewe nusu saa mfuko wake ukielea katika maji ya karantini kabla ya jambo lingine lolote. Kukichovya papo hapo kikiwa na baridi ni kurudia kosa langu la Julai.

Mchovyo wangu wa kwanza ni ayodini ile ya kahawia ya kusafishia vidonda inayouzwa duka la dawa, povidoni yenye asilimia 10, na nasoma chupa mara mbili nihakikishe si ile yenye sabuni ambayo wauguzi hunawia mikono, kwa kuwa sabuni huua. Naitia katika lita moja ya maji ya tangi tone kwa tone hadi maji yawe na rangi ya chai ya rangi isiyokolea, ile ambayo bado unaliona ua lililochorwa chini ya kikombe. Dakika kumi, huku nikipuliza kwa pipeti kila upande. Kisha nasuuza katika bakuli mbili za maji ya tangi, na maji yote hayo hutupwa, hayarudi. Chini ya bakuli ya kwanza naweka sahani nyeupe, kwa maana ni juu ya weupe huo ndipo unapomwona anayejikunjakunja.

Kitako ambacho kipande kimekuja nacho nakikata na kukitupa, hata kama ni kizuri, kwa sababu mayai hukaa pale. Kipande kinagundishwa juu ya kitako kipya na kuingia tangi la karantini la lita 30, lenye hita yake, pampu yake na pipeti yake, na kinakaa wiki nane. Kila Jumapili usiku naenda na tochi nyekundu. Wiki ya tano ndiyo iliyowahi kunionyesha mnyoo mmoja tu, mdogo kama ukucha wa sisimizi, juu ya kipande ambacho kilikuwa kimechovywa mara nne na nilikuwa nimekwisha kukiandalia mahali pake kwenye mwamba.